Upande wa Pili wa Nyayo

Futikamba alikuwa amelala kifudifudi ndani ya kijito, kidevu kikigusa maji, na kofia yake ngumu ikigonga mwamba kila alipojaribu kuinua uso. Mkono wa kulia ulishika kipimo cha leza, wa kushoto ulishika dira, na magoti yake, ambayo hayakuwa tena magoti ya msichana, yalikuwa yamekufa ganzi tangu kona ya nyuma. Alisoma namba kwa sauti, akangoja asikie ikirudiwa. Hakusikia kitu ila maji.

"Shemeji, umeandika?"

Akageuza shingo kadiri mwamba ulivyomruhusu.

"Shemeji!"

"Subiri kidogo, Shem. Kuna kigae hapa."

Futikamba akafumba macho. Tangu waingie pangoni asubuhi hiyo kilikuwa kigae cha chungu, kisha mkaa, kisha jino la mnyama, kisha kitu kilichofanana na jino la mnyama kikatokea kuwa jiwe. Kila kimoja kilisimamisha kazi nzima. Na maji ya kijito kile yalikuwa ya baridi ya kupasua mifupa, na yeye ndiye aliyelala ndani yake.

"Kigae hakina miguu," alisema, meno yakigongana. "Utakikuta hapohapo. Mimi nina miguu na siisikii."

"Hata huku nyuma tuna miguu, dada," ilijibu sauti nene kutoka gizani. "Ila ya kwangu nimeshaiaga."

Huyo wa sauti nene alikuwa askari wa zimamoto, mtu wa mabega mapana kama mlango, ambaye idara yake ilimtoa awalinde wasife maji. Wenzake walimwita Chura kwa kuwa hakuna maji yaliyowahi kumshinda. Huyu wa kigae alikuwa mwanaakiolojia wa makumbusho, mdogo wake mume wa Futikamba, kitinda mimba wa nyumba yao, na kila mtu alimwita Brashi kwa sababu mfuko wa shati lake haukukosa brashi ya rangi, ya kufagilia vumbi juu ya vitu vya kale. Na Futikamba mwenyewe alipata jina lake ofisini, kwenye upimaji wa ardhi, kwa kuwa haamini kitu mpaka akipime. Wafanyakazi wenzake husema hata siku ya harusi yake aliipima meza ya maharusi, akakuta imekaa upande, akataka inyooshwe kabla hajakaa.

Kazi aliletewa na shemeji yake. Idara ya maji ilitaka kujenga ukuta chini kidogo ya mdomo wa pango ili kijito kijae nyuma yake na mji upate maji, maana mabomba ya mji yalikuwa yanatoa upepo. Ukuta ukisimama, maji yangerudi nyuma na kuingia pangoni mpaka darini. Makumbusho yakalalamika. Mhandisi mkuu wa ukuta, ambaye wote walimwita Injinia tu, akawaambia: leteni ramani ya pango zima kabla ya mvua, ioneshe kuna nini na kiko wapi. "Habari za 'tunadhani linaendelea' siwezi kuzipeleka kwa wakubwa," alisema. "Nileteeni mstari wenye mwanzo na mwisho."

Futikamba alimwelewa kabisa. Angekuwa yeye, angesema vilevile. Ndiyo maana alikuwa ndani ya kijito.

Kigae kiliandikwa, kikapigwa picha, kikaachwa mahali pake. Namba nayo hatimaye ikaandikwa. Wakasonga mbele, wakafika kwenye mwanya mwembamba wa mwamba ambao mtu ilimbidi atoe pumzi yote ndipo apite. Futikamba alipita akijikwaruza kifua na mgongo kwa pamoja. Brashi alipita kama mjusi. Chura alikwama katikati, akalaani mwamba na ukoo wake wote, kisha akachomoka na vifungo vya ovaroli vimebaki nyuma.

Na upande wa pili pango likafunguka, likawa chumba. Hata Futikamba alisahau leza mkononi.

Darini yalining'inia mawe ya chokaa membamba kama mishumaa, na kila jiwe lilikuwa likidondosha maji. Chini ya matone, juu ya ukingo wa mwamba, vilipangwa vyungu. Vikubwa, vya matumbo mapana na shingo fupi, vimevikwa ganda jeupe la chokaa hata vikaonekana kama vimeota pale. Na vilikuwa vimejaa maji. Tone lilianguka, chungu kikafurika kidogo, tone jingine likafuata, kama vile mwenyewe ametoka mara moja tu na atarudi kukichukua.

Brashi alipiga magoti. Machozi yalimtoka na hakujificha.

"Walikuja kukinga maji," alisema. "Shem, huko nje kulikuwa kukavu, labda hata kijito kilikauka, wakaja humu kukinga."

Mbele chumba kilikata kona, na kutoka kwenye kona ile ulikuja upepo. Futikamba aliusikia shavuni, upepo mkavu wenye harufu ya majani. Upepo pangoni maana yake ni njia. Uchovu wote ukamtoka. Akainua mguu.

"Usikanyage!"

Brashi alipiga ukelele mpaka popo wakatawanyika. Mguu wa Futikamba ukabaki hewani.

"Tazama chini," shemeji yake alisema, sasa kwa sauti ndogo, akiilaza tochi yake karibu na ardhi ili mwanga upite kwa upande.

Sakafu ilikuwa tope la kale lililokauka na kufunikwa na ganda jembamba kama la yai. Na juu yake kulikuwa na nyayo. Nyayo za watu wazima, na nyingine ndogo za mtoto, zilizokwenda na kurudi. Kisigino kilionekana, kidole gumba kilionekana, hata mahali mtoto alipoteleza akajishika kwa kiganja palionekana. Zilijaa kutoka ukuta hadi ukuta.

"Nikipita pembeni?"

"Hakuna pembeni."

"Nikivua viatu?"

"Hata ukivua miguu, Shem."

Futikamba akarudisha mguu wake. Akapiga leza kuvuka chumba. Mwanga mwekundu ukagonga ukuta wa kona, namba ikatokea, na hapo ndipo mwisho. Kilichokuwa nyuma ya kona leza haikuweza kukifikia, kwa maana mwanga haupindi.

"Basi," alisema. "Tumefika hapa tukakwama kwa sababu ya unyayo wa mtu aliyekufa zamani."

"Tumefika hapa kwa ajili ya unyayo huo," Brashi alijibu. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo!"

Chura alikohoa. "Maji yanapanda kidogo," alisema. Huenda yalikuwa yanapanda, huenda hayakuwa. Lakini juu ya maji neno lake lilikuwa la mwisho, wakageuka wakatoka.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mama mkwe wake alikuwa akiishi nao, na Brashi, ambaye hakuwa ameoa, alikula kwao takriban kila siku. Kwa hiyo ugomvi wa pangoni ulivua buti tu mlangoni, ukaingia ndani, ukakaa mezani.

"Mwanangu tangu mdogo hakanyagi mahali bila kutazama," mama mkwe alisema, akimwongezea Brashi chakula. "Wenzake walikuwa wanarudi na miguu imetobolewa na misumari. Yeye hata mara moja."

"Mama, mimi siijui misumari. Ninachotaka ni kumaliza kazi."

"Kazi haikimbii, mwanangu."

"Mvua inakimbia, Mama. Tena inakuja huku."

Mumewe, ambaye alikuwa fundi wa majokofu, aliinama juu ya sahani yake kama mtu anayetafuta sindano. Futikamba alimtazama ili amtetee. "Mimi mambo ya pango siyajui," alisema. "Mimi najua gesi ikivuja." Kila mwamba ngoma huvutia kwake, Futikamba aliwaza, na katika nyumba hii ngoma zote ni za upande mmoja.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba shemeji yake alikuwa na haki. Laiti angekuwa anasema upuuzi, angemshinda kwa maneno akalala vizuri. Lakini yeye mwenyewe aliuona ule unyayo wa mtoto alipoteleza, na kila alipofumba macho aliuona tena.

Wakajaribu njia nyingine. Kijito chenyewe kiliingia chumbani kwa kutokea chini ya ukuta wa kushoto, hivyo Chura akafungwa kamba kiunoni, akavuta pumzi, akazama huko chini. Kamba ilienda, ikasimama, ikatikiswa. Wakamvuta. Akaibuka na tope puani.

"Ni pembamba," alisema. "Kichwa kinaingia, mabega yanakataa."

Akarudia, akiingia kiubavu. Safari hii alikaa chini mpaka Futikamba akaanza kuvuta kamba bila kuambiwa.

"Sipiti," Chura alisema alipopata pumzi, na mzaha ulikuwa umemwisha. "Na nisipopita mimi pale, hapiti mtu. Msiniombe tena."

Futikamba akaja na wazo la kutundika ubao darini kwa kamba, mtu apite juu kama fundi wa dari. Brashi akatikisa kichwa: kutundika ni kutoboa mwamba, na kutoboa mwamba ni kuangusha vipande juu ya nyayo. Futikamba akapendekeza mlingoti mrefu wenye kioo nchani, leza ipige kioo ipinde kona. Siku nzima wakahangaika na mlingoti. Ulikuwa ukitikisika kama mlevi, na namba zilizorudi hazikufanana hata mbili. Kesho yake mawingu yakakusanyika upande wa juu wa kilima, maji ya kijito yakabadilika rangi yakawa kama chai, na Chura akawatoa nje kabla hawajafika hata mwanyani. Wakakaa garini wakitazama vioo vikiingia ukungu. Futikamba alihisi kama angeweza kuutafuna usukani.

Siku maji yalipotulia, waliporudi chumbani, hakuwa na jambo la kufanya. Brashi alikuwa amejilaza ukingoni akichora nyayo za karibu. Chura alikuwa ameketi akichezea kamba. Na Futikamba, kwa hasira tu, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, akaanza kupima chochote kilichopimika bila kukanyagwa. Akapima urefu wa dari. Akapima ukingo. Akapima matumbo ya vyungu, kimoja baada ya kingine, kwa leza na pembe, akinung'unika namba kama mtu anayesema peke yake njiani.

Akasimama. Akapima tena kile kikubwa.

"Shemeji, hiki chungu kilipitaje?"

"Kilipitaje wapi?"

"Mwanyani. Mimi nimepita pale nimetoa pumzi yote. Chungu hakitoi pumzi."

Brashi aliinua kichwa. Akatazama chungu, akatazama mwanya, akatazama chungu tena. "Labda mwanya ulikuwa mpana zamani," alisema, lakini alisema kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

"Mwamba haunenepi. Umelainishwa na maji, kwa hiyo zamani mwanya ulikuwa mwembamba zaidi, si mpana."

"Basi labda walivifinyanga humu..." Akaishika tochi, akailaza tena chini, akafuata nyayo kwa mwanga, moja moja, midomo ikimchezacheza. Alikawia sana, na Futikamba kwa mara ya kwanza hakumharakisha.

"Hakuna hata unyayo mmoja unaoelekea mwanyani," Brashi alisema hatimaye. "Zote zinatoka konani zinakuja kwenye vyungu, kisha zinarudi konani. Shem, hawakuwahi kupita tulikopita sisi. Huu mwanya ni dirisha la nyuma. Mlango uko kule!"

"Na mtoto," alisema Chura. "Nilikuwa najiuliza nani anamleta mtoto katika maji haya. Kumbe walikuja kwa miguu mikavu."

Jioni hiyo Futikamba hakula mezani. Alitandaza karatasi sakafuni, akaunganisha namba zote tangu mdomo wa pango hadi ukuta wa kona, akauhamishia mstari ule juu ya ramani ya kilima. Chumba cha vyungu kiliangukia mbali kuliko alivyodhani, karibu na uso wa ardhi, chini ya bega la mashariki la kilima. Kama kulikuwa na mlango, ulikuwa pale. Mama mkwe alipita mara kadhaa akilalamika kwamba watu wanakosa pa kukanyaga, na Futikamba alicheka kwa uchungu akamwambia hilo amlalamikie mwanawe.

Asubuhi walipanda kilima, yeye na Brashi, na vifaa vyake vya juu ya ardhi. Mstari uliwapeleka kwenye vichaka, ukawatoa kwenye vichaka, ukawafikisha kwenye barabara mpya ya udongo iliyochongwa na watu wa ukuta, na ukaishia mbele ya rundo la kifusi. Rundo lenyewe lilikuwa refu kama nyumba. Tingatinga la idara ya maji lilikuwa limechonga barabara na kusukuma udongo wote na mawe yote kando, na kando hapo ndipo hasa palipokuwa mahali pao.

Futikamba alikaa chini juu ya jiwe. Alitaka kulia, akakuta anacheka, kisha akakuta hakuna kati ya hayo mawili linalotoka vizuri. Brashi alizunguka rundo akiingiza mkono katika nyufa za mawe. Upande wa chini alisimama akamwita. Akamshika kiganja, akakiingiza kati ya mawe. Upepo wa baridi, wa unyevu, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umegeuza njia, ulikuwa unatoka ndani ya kifusi kama pumzi ya mtu aliyelala.

Ofisi ya Injinia ilikuwa kontena lenye dirisha moja na feni iliyokuwa ikipuliza karatasi kuliko watu. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka, mwenye mji mzima uliokuwa ukimpigia simu kuuliza maji.

"Kuhamisha kifusi kile ni kazi ya siku kadhaa za tingatinga," alisema. "Nahitaji sababu. Nioneshe kwenye ramani kwamba kuna mlango pale."

"Ramani siwezi kuimaliza mpaka nipite mlango ule," alisema Futikamba.

"Na kifusi siwezi kukiondoa mpaka nione ramani."

"Injinia, unasikia unachosema?"

"Nasikia. Na wewe unasikia nilichosema."

Feni iliinua karatasi moja ikaiangusha. Futikamba alihisi damu ikimpanda kichwani, maneno makali yakijipanga ulimini, ndipo akakumbuka kwamba hasira hasara. Akayameza. Akamwambia jambo ambalo hakuwa amelifikiria mpaka dakika ile.

"Sawa. Jenga ukuta wako. Maji yatajaa pangoni mpaka dari ya kile chumba, yatapinda kona. Hujui nyuma ya kona kuna nini, hata mimi sijui. Ila najua upepo unatoka chini ya barabara yako. Upepo ukipata njia ya kutokea, maji yataitafuta hiyohiyo. Siku bwawa lako litakapovuja chini ya kilima, usiniite kupima."

Injinia akasukuma kiti nyuma. Akafunga daftari lililokuwa mbele yake. "Mnaingia saa ngapi?" aliuliza.

Kumwingiza hakukuwa rahisi. Alikuwa na tumbo la mtu wa kiti, na mwanyani Chura alilazimika kumvuta huku Futikamba akimsukuma, na yeye Injinia akiuliza kwa nini hakuambiwa mapema. Lakini alipita. Alisimama ukingoni akitiririka maji, akavitazama vyungu kwa muda.

"Hiki kinachukua lita ngapi?" aliuliza akionesha kile kikubwa.

Futikamba akamwambia alichokadiria.

"Na kinajaa kwa muda gani?"

"Hatujui bado."

"Tone hili ni la polepole," Injinia alisema, akilitazama kwa jicho la kazi. "Wangehitaji vingi. Ndiyo maana walipanga vingi." Kisha Brashi akamwonesha nyayo, akilaza tochi karibu na ardhi.

Ndipo wakasikia mngurumo. Ulitoka juu, ukapita katika mwamba na kuwaingia miguuni. Maji ya vyungu yakatetemeka. Kipande cha chokaa, chembamba kama kalamu, kikakatika darini kikaanguka katikati ya sakafu, na ganda likapasuka pale kwa mlio mdogo mkavu.

"Ni nini hicho?" Injinia aliuliza.

"Ni tingatinga lako," alisema Brashi. Kile kipande kilikuwa kimeangukia juu ya unyayo.

Injinia alitoka pangoni mbele ya wote, na safari hii hakuhitaji mtu wa kumsukuma.

Kwa idhini yake kifusi kikaondolewa kwa hadhari, mara nyingi kwa majembe na mikono, kwa kuwa Brashi hakukubali tingatinga lisogee karibu. Kila siku ilikuwa mapambano. Wafanyakazi walitaka kwenda haraka, Brashi alitaka kila jiwe litazamwe, na mawingu hayakumngoja yeyote. Futikamba alisimama katikati kama mwamuzi wa mpira anayetukanwa na pande zote. Hatimaye mdomo ukaonekana, tundu la mviringo lenye ngazi za asili za mwamba, na kingo zake zilikuwa laini kwa kupapaswa na mikono ya watu.

Brashi akapita tena njia ya majini ili asimame chumbani upande wa vyungu. Futikamba na Chura wakashuka kwa mlango mpya, wakipima hatua kwa hatua. Njia ilikuwa kavu na nzuri. Mtu mwenye chungu begani angepita bila kuinama. Wakapinda mara moja, wakapinda tena, na tochi yake ikagonga jiwe.

Lilikuwa bamba la mwamba lililobomoka darini juzijuzi, kingo zake bado kali na nyeupe, na lilikuwa limefunga njia yote. Tingatinga lilikuwa limefanya kazi yake kabla hawajafika.

"Hapana," alisema Futikamba. "Hapana, hapana, hapana." Akalipiga bamba kwa kiganja, akaumia, akalipiga tena. Chura alisukuma kwa bega, akasukuma kwa mgongo, akasukuma kwa miguu akiwa amelala. Halikutikisika.

"Shem!" Sauti ya Brashi ilisikika, ya karibu kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili. "Naona mwanga wako!"

Futikamba akainama. Chini ya bamba, pembeni kushoto, kulikuwa na tundu la kupitisha mkono na kuchungulia. Akalala tumboni, shavu kwenye vumbi, akachungulia. Aliona nyayo zikimjia moja kwa moja, kisigino kikiwa mbali na vidole vikiwa karibu. Nyuma ya nyayo aliona ukingo, na juu ya ukingo miguu ya shemeji yake.

"Inua kibao cha shabaha!" alipaza sauti. "Kiweke juu ya alama ya mwisho niliyopimia hapo ukingoni. Usipumue!"

Akaingiza mkono tunduni mpaka begani, akaishika leza kwa vidole vilivyokuwa vikitetemeka, akabonyeza. Haikurudi. Akabonyeza tena, ikagonga chungu. Chura akamshika kiwiko, akamtulizia mkono kwa mikono yake miwili mikubwa. Safari ya tatu alama nyekundu ikatua kifuani mwa Brashi, ambaye alimwelekeza kwa sauti, ikatembea polepole, ikapanda juu ya kibao, ikatulia. Namba ikatokea.

Aliisoma kwa sauti. Upande wa pili Brashi akairudia neno kwa neno, akaiandika, kisha bila kuombwa akairudia tena.

Hesabu alizifanya palepale, amekaa mlangoni mwa pango na karatasi juu ya magoti. Mstari ulifunga, ncha zake mbili zikakutana, na kosa lililobaki lilikuwa dogo kuliko upana wa kiganja. Alipaswa kufurahi, na kwa kiasi alifurahi. Lakini mkono wake ulikuwa unauma, na macho yake yalikuwa yameona chumba kile kupitia tundu la panya.

Injinia aliitandaza ramani kontenani, akaweka vikombe kwenye pembe zake ili feni isiibebe. Aliisoma kwa muda mrefu. Kisha akachukua penseli, akausogeza ukuta wake chini zaidi bondeni, mahali ambako maji yakijaa hayangefika kwenye mdomo wa pango. "Mabomba yatakuwa marefu zaidi," alisema, "na nitatukanwa." Akatia saini yake. Hakuna aliyepiga makofi.

Mvua ilianza siku chache baadaye. Kijito kikajaa, mwanya ukazama, na mlango mpya wakaufunika kwa mabati na minyororo mpaka kiangazi kirudi. Futikamba alikuwa barazani akianika ovaroli ambayo haikutaka kukauka. Brashi alikuwa kwenye kiti, akichora upya nyayo za siku zile, kidole kwa kidole.

"Shemeji," Futikamba alianza.

"Hapana."

"Sijasema kitu."

"Ulikuwa unataka kusema kiangazi tulivunje lile bamba."

"Tulisogeze. Sikusema kuvunja."

"Linaweza kuwa limekalia nyayo, Shem. Kwanza itabidi tuchungulie chini yake, pole pole, kwa kioo na brashi, tuone..."

Futikamba aliikamua ovaroli kwa nguvu zake zote, maji yakaruka mpaka ukutani, akaitundika tena kwenye kamba.